Amboseli Haiishii Langoni

Tangu Agosti 2023, Rais William Ruto alipoagiza Amboseli irudishwe mikononi mwa kaunti ya Kajiado, mjadala umekwenda kama mechi ya mahasimu wa jadi. Wapo wanaoshangilia kwamba Wamaasai hatimaye wamerejeshewa mali waliyonyang'anywa. Wapo wanaolia kwamba ndovu wamekwisha, kwamba kaunti itaigeuza mbuga kuwa malisho na shamba la zabuni. Nimewasikiliza wote, na naona wote wanagombania lango: nani akate tiketi, nani ahesabu fedha jioni, bendera ya nani ipepee. Lango lina thamani yake, silidharau. Lakini Amboseli inayomfanya mtalii apande ndege kutoka Frankfurt haimo ndani ya lango hilo. Imetapakaa kwenye ardhi ya watu, na watu hao si Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, wala si kaunti. Mpango wowote usioanzia kwao utashindwa, uwe umetiwa sahihi Nairobi au Kajiado.

Tutazame ukubwa kwanza. Hifadhi ya Kitaifa ya Amboseli ina kilomita 392 za mraba. Ukiiweka kando ya Tsavo Mashariki na Magharibi, ambazo kwa pamoja zinapita kilomita 20,000 za mraba, ni kama ua wa nyumba. Eneo ambalo ndovu, nyumbu, pundamilia na simba wa Amboseli hulitumia kwa mwaka mzima linakaribia kilomita 8,000 za mraba, kutoka vilima vya Chyulu hadi ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, chini ya Kilimanjaro. Yaani mbuga ni fungu moja katika mafungu ishirini. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni Olgulului, Mbirikani, Eselengei, Kimana, Kuku na Rombo, ardhi zilizokuwa ranchi za vikundi, yaani mali ya pamoja ya wanachama, na ambazo nyingine zimekwisha kukatwa vipande, nyingine ziko mbioni.

Kilichoifanya mbuga iwe pale ilipo ni maji. Amboseli ni nchi kame. Mvua yake ya mwaka haifiki milimita 400, na jina lenyewe latokana na neno la Kimaasai la vumbi lenye chumvi. Mvua ya maana hunyesha kwenye misitu ya Kilimanjaro, huzama katika mawe ya volkano yenye matundu kama sifongo, husafiri chini kwa chini hadi Kenya, na kuibukia kwenye vinamasi vya Enkongo Narok na Longinye. Sisi husema jicho la maji. Wamaasai nao huita chemchemi jicho, na Enkongo Narok ni jicho jeusi. Kiangazi kikikaza, kila chenye kwato au mkonga husogea kwenye macho hayo. Ukikaa pale saa kumi na moja jioni utawaona ndovu wakitoka majini na rangi mbili: chini hadi tumboni weusi wa tope linalong'aa, juu kijivu cha vumbi, na mstari kati yake umenyooka kana kwamba umepigwa na fundi wa rangi. Yangeyange wamepanda mgongoni. Kisha wanajipanga, jike mkubwa mbele, na kutoka nje ya mbuga. Picha za watalii huishia hapo. Usiku ndovu wako kwenye ardhi ya mtu, na mvua ikinyesha wengi hutawanyika huko nje kwa majuma na miezi.

Kinachosahaulika katika kelele za sasa ni kwamba kaunti kuishika Amboseli si jambo geni. Baada ya mkataba wa 1911 kuwahamisha Wamaasai kutoka Laikipia na kuwarundika kusini, nchi hii yote ilikuwa hifadhi yao na hifadhi ya wanyama kwa wakati mmoja, na hapakuwa na uzio uliotenganisha ng'ombe na nyumbu. Mwaka 1948 Amboseli ikatangazwa hifadhi rasmi. Mwaka 1961 wakoloni wakaikabidhi kwa baraza la wilaya ya Kajiado, na kwa zaidi ya miaka 10 baraza ndilo lililoiendesha. Halafu ikaja amri ya Rais Kenyatta mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mwaka 1974 eneo la vinamasi likawa hifadhi ya kitaifa. Wafugaji wa Ilkisongo, Wamaasai wa eneo hilo, wakaambiwa watoe ng'ombe wao kwenye maji pekee ya kutegemewa wakati wa ukame. Badala yake waliahidiwa mabomba ya kupeleka maji nje ya mbuga, sehemu ya mapato, na huduma. Mabomba yalijengwa. Hayakupita miaka mingi yakakauka, pampu zikafa, na ng'ombe wakarudi kwenye vinamasi kama kawaida, safari hii wakiitwa wavamizi.

Kilichofuata ndicho wanaotetea hali ilivyo hawapendi kukizungumzia. Amboseli ya miaka ya hamsini ilikuwa maarufu kwa faru; Gertie na Gladys, majike wawili wenye pembe ndefu zisizo za kawaida, walipigwa picha labda kuliko faru wengine wowote wa zama zao. Kadiri mazungumzo ya kutwaa ardhi yalivyopamba moto, morani walianza kuwachoma mikuki faru kama ujumbe wa kisiasa, na majangili wa pembe wakaja kumalizia. Leo Amboseli haina faru. Julai 2012, baada ya nyati kumuua kijana mmoja, vijana waliingia porini na mikuki wakawaangusha ndovu na nyati ili serikali isikie. Wamaasai hawa ndio waliokaa na wanyama hao karne nzima bila kuwala. Ni kosa kuusoma mkuki ule kama chuki dhidi ya mnyama. Ulilengwa ofisi iliyokuwa mbali, na mnyama ndiye aliyekuwa karibu.

Kwa hiyo dai la haki analolitoa Mmaasai wa Kajiado lina msingi, na anayelikejeli hajasoma historia. Katiba ya 2010, Ibara ya 69, inaitaka dola igawe kwa usawa manufaa ya maliasili. Narok jirani inakusanya ada za Maasai Mara, fedha zinaingia kwenye hazina ya kaunti, na Kajiado kwa miaka mingi imekuwa ikitazama fedha za Amboseli zikipelekwa Nairobi kugharamia hifadhi nyingine zisizojiweza. Kila gavana wa Kajiado angelilia jambo hilo, na angekuwa sahihi kulilia. Tatizo ni jinsi siasa zinavyolishika dai hili. Septemba 2005, miezi miwili kabla ya kura ya maoni ya katiba, serikali ya Rais Kibaki iliifutia Amboseli hadhi ya hifadhi ya kitaifa na kuitoa kwa baraza la Olkejuado, yaani lile lile la Kajiado. Kila mtu alijua kura zilikuwa zinatafutwa, na Mahakama Kuu baadaye ikaibatilisha hatua hiyo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 sasa haimruhusu waziri kufanya hivyo kwa kalamu moja. Bunge lazima lihusishwe. Ukumbuke mwaka 2005 unaposikia ahadi yoyote ya Amboseli ikitolewa jukwaani.

Upande wa wanaopinga, hoja nzito ipo. Mnyama hana kaunti. Ulinzi wa silaha, madaktari wa mifugo wa porini, ujasusi dhidi ya majangili, mazungumzo na nchi jirani: hizo ni kazi ambazo Katiba imeiachia serikali ya kitaifa kwa sababu nzuri, na kaunti haiwezi kuziunda upya kutoka sifuri. Halafu kuna Mara yenyewe. Anayesema Narok ni mfano wa kuigwa hajafika kwenye kivuko cha mto msimu wa nyumbu, magari yakiwa yamejazana ukingoni kama matatu stendi. Kambi na hoteli zimeongezeka pale kuliko busara, na mapato ya lango yamezua malalamiko ya miaka na miaka. Lakini Mara haizungumzi kwa sauti moja. Ng'ambo ya mto, eneo liitwalo Mara Triangle limeendeshwa tangu 2001 kwa mkataba na shirika lisilo la faida, nalo linasifiwa kwa barabara nzuri na doria. Mto mmoja, nyumbu wale wale, wenye mali ni serikali ya mashinani pande zote mbili, na matokeo mawili tofauti. Kilichotofautisha ni mkataba: nani anawajibika kwa nini, na nani anaweza kufukuzwa kazi akishindwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, na bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi mitandaoni, ni ile ya kwamba ukimpa Mmaasai mbuga ataijaza ng'ombe na kuiua. Hoja hii ina historia ya kuchekesha. Migunga ya manjano iliyokuwa imeizunguka Amboseli ilianza kufa kwa wingi miaka ya hamsini na sitini, na lawama ikawaangukia wafugaji mara moja: ng'ombe wao wamemaliza nchi. Mtafiti David Western, ambaye baadaye aliiongoza KWS, alipochunguza alikuta kwanza kwamba maji ya chini ya ardhi yalikuwa yamepanda na kuleta chumvi kwenye mizizi. Baadaye, kwa kuzungushia uzio vipande vya ardhi na kusubiri, ikaonekana kwamba aliyekuwa akizuia miti isichipue upya ni ndovu, aliyesongamana ndani ya mbuga kwa kuwa nje palikuwa na bunduki na bughudha. Ng'ombe alisingiziwa. Kuna zaidi. Mfugaji aliye na nafasi hutenga olokeri, malisho ya akiba ya ndama na wanyonge, na hahamii kwenye majani ya kiangazi kabla ya wakati. Utaratibu huo ndio uliowaachia nyumbu chakula. Unapovunjika, huvunjika kwa wote pamoja: ukame wa 2009 uliua ng'ombe wengi mno na wakati huo huo ukapunguza nyumbu wa ikolojia ya Amboseli kutoka takriban 18,000 mwaka 2007 hadi takriban 3,000 mwaka 2010. Mwaka huo huo wa 2009 alikufa Echo, jike kiongozi aliyefuatiliwa kwa miongo na watafiti wa mradi wa ndovu alioanzisha Cynthia Moss mwaka 1972. Mbuga ilikuwa chini ya KWS, askari walikuwepo, vinamasi vilikuwa na maji. Kilichokosekana ni majani, na majani yako nje.

Sasa nigeukie wenzangu wanaoshangilia, maana nao wana hoja yao dhaifu: kwamba kaunti ikipata lango, mwananchi amepata. Kaunti ya Kajiado inaanzia Ongata Rongai na Kitengela, vitongoji vya Nairobi vilivyojaa magorofa ya kupanga, na kuishia Namanga na Loitokitok. Fedha za Amboseli zikiingia kwenye mfuko mkuu wa kaunti zitagawanywa na wawakilishi wadi, na wadi zenye watu wengi haziko karibu na ndovu hata mmoja. Barabara ya lami Kitengela ni jambo jema, lakini haimfidii mama wa Olgulului aliyeamka akakuta tangi lake la maji limepasuliwa na mkonga. Haki iliyodaiwa tangu 1974 ilikuwa ya Ilkisongo waliohamishwa kwenye vinamasi. Ikiishia kuwa basari za wadi zisizowahi kunusa kinyesi cha ndovu, tutakuwa tumehamisha mnyang'anyi kutoka jengo moja hadi jengo jingine.

Na mama huyo wa Olgulului ndiye anayeendesha Amboseli, iwe anajua au hajui. Mei 2023 simba 10 waliuawa na wafugaji katika muda wa takriban juma moja, 6 kati yao Mbirikani baada ya kuvamia zizi la mbuzi. Katika siku hizo hizo aliuawa Loonkiito, dume wa miaka 19, mmoja wa simba wazee kabisa waliojulikana barani. Dunia ililia. Lakini kilio hicho hakikuuliza mbuzi 11 ni ada ya shule ya nani. Sheria ya 2013 inaahidi fidia, hadi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa, na familia zinasubiri malipo hayo miaka. Miradi midogo ya eneo hilo imefanya kazi kuliko sheria: Mbirikani ilianza mwaka 2003 mfuko wa kumlipa mfugaji aliyeliwa mifugo, na tangu 2007 morani wameajiriwa kuwafuatilia na kuwalinda simba wale wale ambao baba zao waliwaua kutafuta sifa. Fidia inayochelewa ni mkuki unaonolewa taratibu.

Lakini hata simba si hofu yangu kubwa. Hofu yangu ni nguzo na waya. Mwaka jana niliketi kwenye hoteli ya chai pale Kimana, sokoni, kati ya makreti ya nyanya na magunia ya vitunguu yaliyokuwa yakisubiri lori la Mombasa. Mzee mmoja aliyeketi mkabala nami alinisikia nikizungumzia Amboseli kwenye simu. Alifungua mfuko wa shuka lake, akatoa karatasi ya nailoni, ndani ya nailoni gazeti, ndani ya gazeti hatimiliki, mpya kabisa, kingo zake hazijakunjika. "Kijana wangu," akasema, "hii ndiyo Amboseli yangu." Dalali alikuwa amempigia simu mara mbili asubuhi ile.

Ranchi ya Kimana iligawanywa mapema, kila mwanachama akapata takriban ekari 60, na tumeona kilichofuata: mashamba ya kumwagilia, uzio, nyumba za kukodisha, na njia ya ndovu kuelekea Chyulu na Tsavo ikibanwa hadi kuwa kama uchochoro. Mwaka 2020 shamba la maparachichi la ekari 180 lilizungushiwa uzio jirani na hifadhi ya Kimana, zogo likazuka, na Nema, mamlaka ya mazingira, ikafuta kibali. Wahifadhi walishangilia. Mimi sikushangilia sana. Mwenye ardhi alikuwa na haki yake, mnunuzi alikuwa amelipa, na hakuna aliyekuja mapema na dau la kulinganisha. Huwezi kumwambia mtu kila mara kwamba ardhi yake ina thamani kwa dunia huku anayemfikia na fedha taslimu ni mkulima wa maparachichi peke yake.

Dau lipo, na limejaribiwa. Kandokando ya Mara, tangu katikati ya miaka ya 2000, wenye mashamba wamekodisha ardhi yao kwa kambi za kitalii kwa malipo ya kila mwezi kwa ekari, msimu uwe mzuri au mbaya, na simba wamerudi palipokuwa pamekatwa tamaa. Huku kwetu, mwaka 2013 wenye ardhi zaidi ya 1,000 wa Olgulului walitia sahihi mkataba wa kukodisha ushoroba wa Kitenden, unaowaunganisha ndovu na Kilimanjaro. Kasoro ya mipango hii ni kwamba huning'inia kwenye uzi wa wafadhili na watalii. Korona ilipofunga viwanja vya ndege, kambi zilipata shida kulipa. Mapato ya lango la Amboseli, mengi na ya karibu kila mwaka, ndiyo yangeweza kuwa nguzo ya malipo haya, kabla fedha hazijaingia mfuko mkuu wa kaunti wala wa taifa. Hilo ndilo jambo la kupigania katika makubaliano ya kuihamisha mbuga, na ndilo silisikii likitajwa na magavana, mawaziri wala wanaharakati.

Lipo pia suala la ng'ambo ya mpaka, ambalo lango haliligusi kabisa. Katikati ya miaka ya tisini, baada ya madume kadhaa wa Amboseli kupigwa risasi na wawindaji wenye leseni Tanzania, nchi mbili zilielewana kwamba uwindaji wa ndovu karibu na mpaka ule ukome. Maelewano yakadumu karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 yakavunjika, na katika miezi michache madume wasiopungua 5, baadhi wakiwa na pembe nzito zinazokaribia kugusa ardhi, waliuawa upande wa pili. Kisheria Tanzania haikukosea. Inaruhusu uwindaji, Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Lakini dume wa aina hiyo huchukua miaka 40 na zaidi kufika hapo, na damu yake ndiyo hubeba pembe kubwa kwa kizazi kinachofuata. Gavana wa Kajiado hawezi kupiga simu Dodoma kulizungumzia. Anayesema KWS ifungashe virago iondoke kabisa ajibu kwanza nani atakayeketi kwenye meza hiyo.

Ndiyo maana naona mgawanyo wa busara hauko mbali na akili ya kawaida. Kaunti iwe na ada na uendeshaji wa mbuga, kwa mkataba unaopimika kama ule wa Mara Triangle. KWS ibaki na ulinzi, tiba na diplomasia. Na sehemu ya kila tiketi, iliyoandikwa kisheria na isiyoguswa na bajeti, ilipwe moja kwa moja kwa simu ya mwenye hatimiliki ambaye ardhi yake iko kwenye ushoroba na ambaye hajaweka uzio. Masharti ya ushoroba yaandikwe kwenye hatimiliki yenyewe sasa hivi, Olgulului ikiwa ingali inagawanywa, kwa sababu baada ya vipande kuuzwa mara mbili hakuna atakayejua pa kuanzia. Maji nayo yawemo: chemchemi za Nolturesh zinapelekwa kwa bomba hadi miji ya mbali huku wafugaji wa njiani wakichota kwenye viungo vinavyovuja, na kila pampu ya shamba la nyanya Kimana inanyonya kutoka jicho lile lile la Kilimanjaro.

Yote haya yana muda, na muda wenyewe hauhesabiwi na Bunge. Nilipomuaga yule mzee wa Kimana alikuwa ameshaikunja nailoni yake na kuirudisha kifuani. Hakuniuliza mbuga itakuwa ya KWS au ya kaunti. Aliniuliza kama najua ekari moja inauzwaje siku hizi kule Isinya.